Vitambaa vya meza vya kwilti vya mtumba, vile vya kushonwa kwa mkono: jinsi ya kuvipata Malindi na Lamu, kuvikagua na kuvitunza

Watu wakija kwangu wakakaa mezani, kabla hata chai haijamiminwa washaanza kuuliza, hivi vitambaa umevitoa wapi, na nikisema mtumba hawaamini, wanafikiri naficha duka. Sifichi kitu. Nimezaliwa Lamu, naishi Malindi sasa, na hii kazi ya kutafuta kwilti za mezani nimeifanya miaka mingi, kwa hivyo acha niandike yote hapa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nikiulizwa tena ntatuma hii tu.

Tuelewane kwanza kwilti ni nini. Ni matabaka matatu: juu kuna kitambaa cha uso, mara nyingi kimeungwa vipande vipande, katikati kuna pamba au kitu kingine cha kujaza, chini kuna bitana, alafu yote matatu yameshikwa pamoja na mishono inayopita kutoka juu mpaka chini. Hiyo mishono ya kupita ndo kwilti yenyewe. Bila hiyo una viraka tu. Wazee wetu walikua na neno mfarishi kwa kile kikubwa cha kitandani kilichotiwa pamba, na hivi vya mezani ni watoto wake: vya kuweka chini ya sahani, kile kirefu cha katikati ya meza, cha kufunika meza nzima, vya kushikia sufuria, na kile cha kuvisha buli chai isipoe.

Ukienda sokoni ukauliza "kwilti" wengi watakuletea blanketi. Uliza hivi: "Mama, una vitambaa vya meza vile vizito, vya pamba ndani, vimeshonwashonwa?" na uwe na picha kwenye simu umuonyeshe. Picha inaokoa muda kuliko maelezo yote.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Pima meza yako. Najua inachosha lakini nimeona watu wananunua kitu kizuri kinafika nyumbani kinaning'inia mpaka kwenye magoti ya wageni. Cha chini ya sahani kawaida ni kama sentimita 30 kwa 45. Kile kirefu cha katikati upana wake uwe kama theluthi ya upana wa meza, na urefu uzidi meza sentimita 15 mpaka 20 kila mwisho. Cha kufunika meza nzima kiteremke sentimita 20 hadi 30 pande zote.

Alafu pima shibiri yako, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ya kidole cha mwisho ukinyoosha kiganja, kwa futi ya fundi, mara moja tu, ukumbuke. Yangu ni sentimita 20, kwa hivyo cha sahani natafuta shibiri moja na nusu kwa mbili na kitu, napima palepale kwenye rundo bila kusumbua mtu.

Na kama nyumbani kwenu mnakula chini kwenye sinia kama kwetu Lamu, usifikiri hii habari haikuhusu. Kwilti ya mraba ya mita moja hivi ikitandikwa juu ya mkeka sinia likakaa katikati, wallahi hapo ndo inapendeza kuliko hata mezani.

WAPI PA KUTAFUTA

Malindi, anza na mitumba mjini. Belo la kawaida lina kilo 45, na lile unalolitaka wewe ni la vitu vya nyumbani, lenye mapazia, mashuka, foronya na taulo vimechanganyika. La nguo halina kitu chako. Muulize muuzaji belo kama hilo atafungua lini, muachie namba, na siku hiyo ufike mapema sana, sababu vitu vizuri vinachaguliwa saa ya kwanza na wanaokwenda kuuza tena.

Sasa sikiliza hili, limenipa vitu vingi kuliko kitu kingine chochote: vitambaa vya meza vya kwilti havikai kwenye rundo la vitambaa vya meza. Muuzaji akishika kitu kinene chenye pamba anafikiri ni cha mtoto, kwa hivyo anakitupa kwenye rundo la blanketi za watoto. Vidogo vinaingia kwa foronya au kwa mifuko. Kwa hivyo pitia hayo marundo matatu kwanza. Na kwilti za watoto zenyewe usiziache, ile ya mita moja hivi inafunika meza ndogo ya watu wanne vizuri kabisa na hakuna atakayejua ilikua ya kitanda cha mtoto.

Kama Malindi huoni kitu, soko la Kongowea pale Mombasa ni kama kilomita 120, nenda asubuhi urudi jioni. Lakini nenda na orodha ya vipimo na pesa uliyojipangia, sababu Kongowea ni kubwa na utarudi na vitu ambavyo hukuvifata.

Njia ya pili ni majumba. Malindi na Watamu kuna Waitaliano wengi wenye nyumba, na kabla ya mvua za masika za mwezi wa nne wengine hufunga nyumba, wengine huuza na kuondoka kabisa, na vyombo vya ndani vinauzwa kwa pamoja. Huko ndo nimepata vya kitani na vya pamba safi kabisa. Angalia mabango ya karatasi kwenye supamaketi, na makundi ya WhatsApp ya watu wa mtaa. Ila nakuomba kitu kimoja: nunua kwa mwenye nyumba, au kwa mtu ambaye mwenye nyumba amemtuma na anajua. Mpishi au mlinzi akikuambia "chukua hii wameacha", muombe ampigie mwenyewe simu ukiwepo. Kitambaa cha meza hakifai kumfanya mtu apoteze kazi yake au aitwe mwizi.

Lamu ni pole pole zaidi. Mzigo unakuja mpaka Mokowe alafu unavuka kwa boti, kwa hivyo mtumba ni kidogo na bei ina nauli ndani yake. Ingia vichochoro vya Langoni, uliza maduka ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, na nyumba za wageni kule Shela wakati wanabadilisha vitu vya ndani kabla ya msimu. Lakini Lamu ina kitu ambacho Malindi haina kwa wingi huo, macho. Kuna watu wanashona kofia za mkono, kofia moja inachukua miezi, na mtu huyo ukimpa kitambaa akigeuze mara moja tu anakuambia mshono huu ni mkono au cherehani na umeshonwa na mtu mmoja au wawili. Mwenye jirani wa hivyo amshike.

GEUZA NYUMA

Hapa nitakaa, sababu hapa ndo watu wanapotapeliwa au wanapoacha lulu kwenye rundo.

Ukishika kitambaa usiangalie uso. Uso unadanganya, rangi zinakuvuta. Kigeuze uangalie bitana. Cherehani inatumia nyuzi mbili, ya juu na ya chini, zinashikana katikati, kwa hivyo mstari unaonekana umejaa bila nafasi pande zote mbili, na kila hatua ni sawa na mwenzake. Mkono unatumia uzi mmoja unaozama na kuibuka, ule mshono wa bandi, kwa hivyo utaona kidoti cha uzi, nafasi, kidoti, nafasi, juu na chini vilevile. Na hazilingani kabisa. Kwenye kona mshonaji amebanwa hatua zinakua ndefu kidogo, kwenye mstari ulionyooka anatulia zinakua ndogo.

Hesabu kwenye inchi moja, ni kama upana wa kidole gumba. Ukiona vidoti 8 mpaka 12 upande wa juu huyo alikua fundi hasa, shika usiachie. Vitano sita ni kazi nzuri ya nyumbani, inunue pia. Alafu tafuta fundo. Mshonaji mzuri wa kwilti halifichui fundo, analivuta linaingia ndani kwenye pamba, kwa hivyo ukikosa kuona pale uzi ulipoanzia hiyo ni dalili njema.

Kuna kimoja nilikipata hapa Malindi kwenye rundo la vitu vya watoto, cha chini ya sahani, uso wake maua yaliyopauka hata mtu wa pili asingekitazama. Nikakigeuza. Mishono yote ni ya uzi wa buluu nyepesi mpaka ikifika robo ya mwisho, hapo uzi unageuka kijivu. Buluu ilimuishia. Na hakufumua, aliendelea tu na kile alichokua nacho, hatua zilezile ndogo, na kona ya mwisho ameikunja kwa mkono mara mbili ili pindo lisikatike. Nilikaa nacho pale chini nikipitisha kidole kwenye huo mpaka wa buluu na kijivu. Sijui alikua nani wala nchi gani. Nilikinunua shilingi 50 na ndo kinachokaa mahali pangu mpaka leo.

Jihadhari na viraka vya kuchapwa. Kuna kitambaa kimoja kizima kiwandani kimepigwa picha ya viraka, ukiwa mbali unaona vipande mia. Funga macho, pitisha ukucha kwenye mpaka wa rangi mbili. Kama ni viraka kweli utahisi kimgongo cha mshono, kama ni picha ukucha unapita kama juu ya kioo.

Kibandiko cha "Made in China" au India kisikutishe. Huko kuna karakana ambazo watu wanashona kwilti kwa mkono kweli, kwa hivyo usiangalie kibandiko, angalia mshono. Na kama viraka vimeungwa kwa cherehani lakini mishono ya kupita ni ya mkono, hiyo nayo ni kazi ya mkono, washonaji wengi wa kwilti wanafanya hivyo.

Kazi za watu tofauti utaanza kuzijua. Ile ya Bengal inaitwa kantha, haina pamba ndani, ni sari kuukuu zimepangwa tabaka juu ya tabaka alafu zikapigwa bandi mistari na mistari mpaka kitambaa kinakua na mawimbi madogo kama mchanga maji yakitoka. Ralli za upande wa Sindh zina viraka vya rangi kali. Na kwenye majumba ya Waitaliano unaweza kukuta ile wanaita trapunto, ambapo maua yanachorwa kwa mishono alafu yanajazwa kwa nyuma mpaka yanainuka, ukigeuza utaona kwenye bitana vitundu vidogo palipopenyezwa pamba. Hiyo ni kazi ya zamani sana kwao, makumbusho ya Victoria and Albert kule London yana kwilti ya namna hiyo iliyoshonwa Sicily karne ya 14. Ukikuta hata kipande cha trapunto cha mkono na bei ni ya mtumba, usibishane sana, lipa.

NDANI KUNA NINI

Finya kwa kiganja uachie. Kikiruka haraka na ni chepesi chenye kufura, ndani ni poliesta. Kikibaki kimelala na kina uzito, ni pamba. Kwa nini nasisitiza? Sababu poliesta na moto haviendi pamoja. Jirani yangu alitua sufuria ya pilau ikitoka jikoni juu ya kitambaa kizuri mno cha katikati, alipoiinua poliesta ya ndani ilikua imesinyaa imeganda duara zima la sufuria, na hakuna fundi wa kurudisha hiyo. Kwa hivyo vya poliesta ni vya sahani na vikombe, vya sufuria na kushikia vitu vya moto viwe pamba ndani na nje.

Ukitaka uhakika, ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, ushike kwa kibano, uchome juu ya beseni la maji. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na jivu lake ni laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Ikinuka nywele hiyo ni sufu au hariri.

Alafu inua kitambaa kwenye mwanga wa jua. Kwenye kichochoro cha Lamu kenye kivuli toka mpaka ufike jua linapopiga, usione haya. Ukiona mabaka meupe ya mwanga na mabaka meusi, pamba imekimbia imekusanyana, haitengenezeki bila kufumua. Mwanga ukiwa sawa kote, vizuri.

KASORO ZA KUKUBALI NA ZA KUKATAA

Pindo lililochanika, kubali, pindo ndo huanza kuchakaa na linabadilishwa. Kiraka kimoja kimeachia, kubali. Doa la manjano ya kupikia kwenye kitambaa cheupe, kubali na ufurahi, jua linalifuta. Kutu, kubali kama ni ndogo.

Kataa kitambaa ambacho ukikivuta taratibu kwa vidole kinatoa mlio wa kukatika, huyo ameoza. Angalia hasa vipande vya kahawia na vyeusi kwenye kwilti za zamani, rangi zile zilikua zinatiwa chuma na chuma kinakula uzi, utakuta viraka vyote vizima isipokua vya kahawia vinamomonyoka. Kataa doti nyeusi nyeusi kwenye mishono na kona, hizo ni za kunguni. Kataa ukungu mweusi ulioingia mpaka ndani, sababu huku pwani na hii hewa yetu hautaisha, utahamia kwenye vingine.

BEI

Usioneshe furaha. Chagua vitu vitatu vinne pamoja, kimoja ndo unachokitaka, alafu uliza bei ya vyote. Onesha kasoro kwa heshima, "mama hapa pamechanika, nipunguzie nikashone", na ukubaliane. Lakini kama unajua kabisa kitu kina kazi ya miezi ya mtu, usimkabe muuzaji koo kwa shilingi 20, naye belo kalinunua bila kujua ndani kuna nini.

Kwa simu, iwe Facebook au WhatsApp, omba picha nne: uso mzima, nyuma nzima, mshono wa karibu kidole kikiwa pembeni, na kona moja. Asiyetaka kupiga picha ya nyuma achana naye. Pesa ya M-Pesa tuma ukishakishika. Kwa Waitaliano andika "tovagliette trapuntate", ndo wanavyoita vya chini ya sahani vya kwilti, utapata vitu ambavyo wenzako hawavioni.

KUSAFISHA

Kwanza wadudu. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki kisiingie hewa, weka friza siku 4 kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Huna friza, ongea na muuza samaki au duka la aiskrimu, mfuko ukiwa umefungwa vizuri hawakatai.

Pili jaribu rangi. Lowesha kitambaa cheupe, kibane kwa nguvu juu ya nyekundu na ya buluu iliyokoza kwa dakika moja. Cheupe kikitoka na rangi, usiloweke kwilti hiyo, futa tu kwa kitambaa chenye unyevu na uianike. Niliwahi kuruka hii hatua, kile kirefu chenye nyota nyekundu juu ya nyeupe, kikatoka chote rangi ya juisi ya ukwaju. Kiliniuma sana.

Kama rangi imetulia, loweka kwenye beseni kubwa, maji ya baridi au vuguvugu, sabuni kidogo sana ya maji. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi, usiogope, mwaga, tia mengine, mpaka yawe meupe. Usisugue, bonyeza kwa viganja kama unavyobonyeza unga wa chapati uliolainika. Jik usitie kabisa, inakula nyuzi za zamani.

Ndugu zangu wa Lamu, maji ya kisima yenye chumvi hayafai hapa. Sabuni haitoi povu na yakikauka yanaacha kitambaa kigumu. Tumia ya mvua, na kama ni machache basi weka ya mvua kwa suuza ya mwisho.

Kukamua kwa kusokota ni marufuku. Kwilti ikinywa maji ni nzito na ukiitundika kwenye kamba uzito wake unakata mishono. Izungushie ndani ya taulo, bonyeza, alafu ianike imelala juu ya mkeka kivulini. Yenye doa la manjano ya kupikia ndo iende juani, doa likitazama juu, siku mbili tatu. Kutu ni ndimu na chumvi, juani, alafu suuza vizuri mno.

Kiweke ndani ya foronya ya pamba, si plastiki, plastiki huku kwetu inazaa ukungu. Kabati la mbao litandike kitambaa cheupe kwanza, mbao zinageuza kitambaa kuwa cha manjano. Kila miezi michache kikunjue ukikunje kwa mistari mingine, maana mkunjo ukikaa palepale unakata. Ukipenda udi, kifukize kikiwa kikavu kabisa na mbali na makaa.

KUTIA KIRAKA

Tafuta kitambaa cha umri wa kufanana na uzito wa kufanana. Kipya na kigumu kitavuta cha zamani na kukichana pembeni. Kanga iliyofuliwa miaka ndo nzuri kuliko vyote, laini na rangi imeshatoa inachotoa. Kata kiraka kikubwa kuliko tundu kwa nusu inchi kila upande, kunja ndani, piga bandi juu ya palipoharibika bila kukata cha chini, alafu fuata mistari ya mishono ileile iliyokuwepo, tundu kwa tundu ukiweza. Vaa subana, kile kikofia cha kidole cha mshonaji, matabaka matatu yanatoboa vidole. Kile changu cha buluu na kijivu kilikua na tundu karibu na kona, nikakitia kipande cha kanga ya bibi yangu, na uzi niliotumia ni wa buluu.